ADN si njia ya waliofeli

Watanzania na Wakenya wengi wanaofika Marekani huanza uuguzi kwa kazi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi: kumgeuza mzee kitandani saa nane za usiku ili asitoke vidonda, kumwosha, kumlisha. Anayetaka kupanda awe RN, muuguzi mwenye leseni kamili, ana njia mbili kuu: ADN, digrii ya miaka miwili ya chuo cha jamii, au BSN, shahada ya kwanza ya uuguzi ya miaka minne. Hapo ndugu na jamaa humshauri kwa sauti moja: achana na ADN, hospitali siku hizi haziitaki.

Ushauri huo una ukweli wake. Mwaka 2010 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipendekeza asilimia 80 ya wauguzi wawe na BSN ifikapo 2020. Jimbo la New York likatunga sheria mwaka 2017 inayowapa ma-RN wapya miaka 10 kuipata. Hospitali zenye hadhi ya Magnet, inayotolewa kwa ubora wa uuguzi, huidai kwa mameneja wa wauguzi, na jeshi halimpi muuguzi uofisa bila hiyo. Kijana wa miaka 18 anayelipiwa ada aende BSN moja kwa moja.

Lakini takwimu inayopendwa sana kuwashushia hadhi watu wa ADN husomwa vibaya. Mwaka 2003 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za Pennsylvania. Waliona kwamba sehemu ya wauguzi wenye BSN ikizidi kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 hupungua kwa asilimia 5. Ni matokeo mazito. Hayo ni maisha ya watu. Ila kilichopimwa ni hospitali nzima, si muuguzi mmojammoja. Isitoshe, kilichohesabiwa ni kiwango cha juu cha elimu alichofikia muuguzi, si chuo alichoanzia. Mama aliyepata leseni kwa ADN, kisha akamalizia BSN huku anafanya kazi, yumo kwenye kundi lilelile linalosifiwa. Utafiti ule unadai wauguzi waendelee kusoma. Wapi waanzie, hausemi.

Na kwa mwenye kodi ya nyumba, watoto, na wazazi wanaomtegemea nyumbani, pa kuanzia ndipo penye uzito. Wa ADN na wa BSN hufanya mtihani mmoja, NCLEX-RN, na leseni yao ni ileile. Akifaulu, anaacha mshahara wa CNA na kuanza kulipwa kama RN, na waajiri wengi humchangia ada ya kumalizia BSN. North Dakota ilijaribu kuifunga njia hii: tangu 1987 ilidai BSN kwa kila RN mpya, ikaliondoa sharti hilo 2003.

Kinachowaponza wengi ni haraka. Ile miaka miwili mara nyingi huwa mitatu, kwa sababu anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia husomwa kabla ya kupokelewa, na vyuo vingine vina foleni ndefu. Kabla ya kulipa hata dola moja, uliza chuo kina ithibati gani, na chuo kikuu gani kitayapokea masomo yako utakapotaka kumalizia BSN. Jibu wakupe kwa maandishi.