Kupiga filimbi si kufa
Kuna mtu kaandika eti kifaa cha kusaidia kusikia kikianza kupiga filimbi ndiyo kimekufa, ununue kingine. Hapo kateleza. Filimbi ile ni sauti iliyokwisha kukuzwa, inavuja nje ya sikio, inanaswa tena na maikrofoni na kukuzwa upya. Ziba kwa kidole tundu la kile kipande kinachoingia sikioni: ikikoma, mashine ni nzima, tatizo ni kipande kulegea au nta iliyojaa sikioni na kurudisha sauti nje. Isipokoma, kagua mrija unaotoa sauti kwenye mashine na kuipeleka kwenye kipande hicho. Ukishageuka manjano na kukakamaa hupasuka pale kwenye kona. Kuubadilisha kila miezi 3 hadi 6 ni kawaida, tena ni kazi ya dakika chache. Nta msiichokonoe kwa vijiti vya pamba, vinaisukuma ndani zaidi. Huku pwani kuna na unyevu: matone yakikaa ndani ya mrija sauti hukatika-katika, kwa hiyo usiku toa betri, acha kimlango chake wazi, weka kifaa kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vipakiti vya silika vinavyofyonza unyevu (betri ibaki nje, humo itakauka). Betri mpya ya zinki (ile inayofanya kazi kwa hewa) ukiibandua stika, ipe dakika moja au mbili ivute hewa kwanza. Na wenye mvumo masikioni, kukaa bila kifaa mchana kutwa huuzidisha, maana hakuna sauti za nje za kuufunika. Wa bara, mirija mnaipata wapi?