Rangi mpya sio ukaguzi

Jamani hii habari ya kukaguliwa matangi ya mafuta hapa Unguja nimeisoma na picha nimeiona, wakubwa na helmeti zao nyeupe wanaangalia tangi kwa nje, ndo ukaguzi huo? Tangi linaoza chini, kwenye bati za sakafu, tena hewa yetu ya visiwani chumvi tupu, kutu inakula taratibu huku juu rangi inang'aa. Sakafu huipimi unene vizuri mpaka mafuta yatolewe, tangi lisafishwe, watu waingie. Na kwenye kuingia ndo pana kifo khasa, oksijeni ikishuka chini ya asilimia 19.5 asiingie mtu, na mwenzio akianguka mle usimfuate mbio bila mtungi wa hewa, mtakuwa maiti wawili. Mie nishaona (wapi sisemi) kijana anashushwa kwenye tangi na kitambaa puani, kipima gesi kipo ofisini kwenye boksi lake! Kwenye bohari ya mafuta ya Buncefield kule Uingereza 2005 geji ya kupima kina cha mafuta ilinasa, swichi ya kuzuia tangi lisifurike nayo haikufanya kazi, mafuta yakafurika, moto ukawaka siku kadhaa. Hebu mwandishi rudi ukawaulize swichi za hapa zimejaribiwa lini.