Papa anabeba mimba, mtoto hajakosea

Juzi mtoto wa dada yangu karudi na daftari la sayansi, swali lilikuwa samaki wanazaanaje, yeye kaandika wengi wanataga mayai ila papa wengine wanazaa. Kapigwa eksi nyekundu. Ananiuliza "anko, kwani nimekosea?" Hujakosea mwanangu, na imeniuma sana maana mimi ndo nilimwambia.

Najua tatizo linaanzia wapi. Sisi wa Mwanza samaki wetu ni sangara, sato, dagaa, ukimpasua sangara jike pale soko la samaki Mwaloni unakuta mfuko wa mayai umejaa tumbo zima, jike kubwa lina mamilioni, anayamwaga ziwani basi, kamaliza ulezi. Furu, yule samaki mdogo wa ziwani, kidogo anajitahidi, jike anayabeba mayai mdomoni na vitoto vinakulia humohumo, kuna siku Igombe nilimnasua mmoja kwenye nyavu akanitemea vitoto kiganjani, unaona vimacho tu. Lakini hata huyo anataga kwanza ndo anayaokota.

Papa ni habari nyingine. Wapo wanaotaga, sikatai, ila zaidi ya nusu ya aina zote za papa wanazaa watoto hai wanaogelea palepale. Dume anaingiza mbegu ndani ya jike, na jike ana mifuko miwili ya uzazi, sasa humo ndani kila aina ina utaratibu wake. Kuna wale watoto wanaishi kwa kiini cha yai tu mpaka wazaliwe, kuna papa mdogo mwenye miiba mgongoni mimba yake inakaribia miaka 2, yaani ndefu kuliko ya ng'ombe mara mbili na zaidi. Afu kuna wenye kichwa cha nyundo, hapa ndo huwa nachoka kabisa: mtoto akishamaliza kiini, kile kifuko kilichobaki tupu kinaenda kujishika kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi kinageuka kondo la nyuma, na kamba ya kitovu juu yake, chakula kinatoka kwa mama. Akizaliwa ana kovu la kitovu katikati ya mapezi ya kifuani, kama sisi tu.

Halafu yupo papa mwingine, kisayansi anaitwa Carcharias taurus. Huyu kwenye kila mfuko mtoto aliyetangulia kukua anaota meno akiwa bado tumboni, anawala wadogo zake, akiwamaliza anakula mayai ambayo mama anaendelea kuyashusha, mwisho wanazaliwa wawili tu, mmoja kila upande, kila mmoja karibu mita 1. Mtafiti Mmarekani Stewart Springer aliandika 1948 kwamba aliingiza mkono kwenye papa jike mwenye mimba akang'atwa na mtoto ambaye hajazaliwa.

Kwa hiyo mimi nasema papa mhesabu kama ng'ombe, usimhesabu kama sangara. Kwa babu Misungwi ng'ombe mwenye mimba haguswi hata kukiwa na msiba, atatafutwa mwingine, kwa sababu kila mtu pale anajua ndama mmoja anasubiriwa miezi 9. Shemeji yangu yuko Tanga anasema wakipasua papa jike wanakuta vitoto vimelala ndani vimekamilika, meno, mapezi, kila kitu, na hakuna anayeshtuka kwa sababu vichwani mwetu samaki ni mayai na mayai hayaishi. Huyo Carcharias anazaa wawili kila baada ya kama miaka 2, ukimvua mmoja mwenye mimba hapo umeondoa mama na miaka yote hiyo, bahari itamrudisha lini?

Mtoto anayefundishwa samaki wote wanataga ndo huyohuyo kesho atakuwa mvuvi, au bwana samaki, au atakaa kwenye kikao cha kupanga sheria za nyavu.

Daftari liko hapa mezani. Jumatatu asubuhi naenda nalo shule, sigombani na mtu, namwomba tu mwalimu kwa heshima aifute ile eksi mbele ya mtoto.