Mita Janja Ije, Lakini Ianzie Chumba cha Shaibu

Nasikia gridi ya taifa inawekewa akili. Mita zitaongea zenyewe na ofisi, nguzo ikilala huko porini wataiona kwenye kompyuta kabla mwenye shamba hajaamka, na ukinunua umeme unaingia wenyewe bila kubonyeza kitu. Mimi sina ugomvi na teknolojia. Ninachouliza ni kimoja tu: hiyo akili itafika mpaka kwenye nyumba yetu hapa Mbagala, yenye vyumba sita na mita moja, au itaishia kwenye nguzo?

Maana kwa hesabu zangu, shida za umeme wa nchi hii ni mbili. Ya kwanza ni gridi. Ya pili ni Shaibu.

Tuanze na gridi, kwa kuwa ndiyo ndogo.

Chumba cha tatu anakaa kijana wa chuo, anasomea mambo hayo hayo ya umeme, na huwa ananielewesha jioni anapokuja kuchukua barafu zake mbili za ukwaju. Anasema bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji lina mashine tisa, kila moja megawati 235, jumla 2,115. Mwezi Machi 2024, hata mashine zote hazijawashwa, tukatangaziwa kwamba vituo vitano vya umeme wa maji vimezimwa kwa sababu umeme umezidi. Umezidi! Mimi niliyekula ugali kwa tochi ya simu msimu mzima wa mgao, leo naambiwa umebaki mpaka hauna wa kuutumia. Nikasema basi, tumetoka kimasomaso.

Sijakaa sawa, tarehe 1 Aprili gridi ikaanguka. Jumatatu ya Pasaka, na Siku ya Wajinga juu yake. Shemeji yangu akapiga simu kutoka Arusha, "Na huko kumezimika?" Nikamjibu, "Shemeji, mwaka huu hunipati." Nikakata simu, nikawasha swichi. Nikampigia tena, nikamwamkia upya.

Sasa umeme umezidi Machi, umekata Aprili, hiyo imekaaje? Kijana akasema, "Mzee wangu, kuwa nao ni jambo moja, kuubeba ni jambo lingine." Kumbe umeme wa gridi hauna stoo. Unaozalishwa lazima ulingane na unaotumika sekunde hiyo hiyo, na mtambo mzima uzunguke kwenye hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, sio pungufu sana, sio zaidi sana. Mashine moja ikichomoka ghafla, mzigo wake unawaelemea zilizobaki, kama watu wanne wanaopandisha kabati ghorofani: mmoja akiachia, wa pili anaokoa vidole vyake, wa tatu na wa nne wanabaki na kabati kifuani. Gridi yenye akili inakuwa na vihisi kila mahali, inaona kabati linayumba mapema, inakata mtaa mmoja haraka ili mikoa ishirini ipone.

Nikamuuliza huo mtaa mmoja utakuwa upi. Akaangalia barafu yake.

Wala sio sisi peke yetu. Agosti 2023 Kenya ilizimika karibu yote, mpaka uwanja mkubwa wa ndege wa Nairobi ukakaa giza. Na siku hizi tumeunganishwa nao kwa laini ya kilovoti 400 inayopita Namanga, tuuziane na tuokoane. Jambo jema. Tukianguka, tutaanguka kwa ujirani mwema.

Haya, gridi nimemaliza. Sasa tuje nyumbani.

Mnaikumbuka ile Novemba 2024? Mita zote za luku zinazotumia namba 20, na sio za hapa tu, dunia nzima, zilikuwa zinaisha muda tarehe 24. Sababu yake ukiisikia unaweza kulia. Kila tokeni, yaani hizo namba 20 za kuingizia umeme, ina muhuri wa saa unaohesabiwa kwa dakika tangu mwaka 1993, na nafasi waliyoitengea hesabu hiyo inatosha dakika milioni kumi na sita na ushee. Zikiisha, zimeisha. Yaani kuna watu walikaa ofisini miaka ya tisini wakasema, "Hiyo itafika 2024, tutakuwa tumeshastaafu." Na kweli walistaafu. Wakaniachia mimi nibonyeze.

Maana ili mita ihamie hesabu mpya, unapewa namba 20, halafu namba 20 nyingine, ndipo unaingiza namba 20 za umeme wenyewe. Sitini, kwenye kirimoti ambacho kitufe cha saba kilishakufa, mpaka ukibane na kucha.

Tulikaa kikao uani. Mama Zai anasoma kwenye simu, mimi nabonyeza, Shaibu anamulika.

"Nne, tisa, sifuri, sifuri, moja..."

"Sifuri ngapi?"

"Mbili. Au tatu. Subiri, kioo kimejizima."

"Mama Zai, usiguse kioo!"

"Sijagusa, imeingia meseji. Ooh, kumbe mchango wa harusi."

"Soma namba!"

"Wanataka laki moja, hawa watu wana akili kweli?"

Tukaanza upya. Tulipofika za mwisho Shaibu akapiga chafya, tochi ikahamia dirishani, kidole changu kikaenda kwenye tatu badala ya sita. Mita ikagoma. Mtoto wa Mama Zai, darasa la nne, akakichukua kile kirimoti mkononi mwangu bila hata kuomba, akamaliza zote peke yake huku anakula muhogo. Taa ikawaka. Nikamwambia asiwe na haraka na vitu vya wakubwa.

Ndiyo maana nasema mita janja ije hata kesho. Ila mimi naisubiri kwa sababu nyingine. Kijana ameniambia ile mita inaandika matumizi saa kwa saa. Saa kumi na moja alfajiri mmekula kiasi gani, saa mbili usiku kiasi gani. Hakuna pa kujificha.

Hapo ndipo Shaibu anapoingia. Shaibu ni fundi cherehani, ana pasi ya umeme ambayo naamini ilitoka meli ya kivita. Kila mwezi tunachanga sawasawa, elfu tano chumba, na kila mwezi haufiki tarehe ishirini luku inalia tii-tii-tii. Ile bei ya chini ya wanaotumia uniti 75 au pungufu kwa mwezi tulishaisahau. Nyumba ya vyumba sita kundi hilo unalisikia redioni. Halafu ukinunua umeme, inakatwa kwanza kodi ya jengo, shilingi 1,500 ya mwezi. Jengo ni la mwenye nyumba. Sheria inasema mpangaji anaweza kumdai. Wewe kamdai! Mimi nilijaribu, akanijibu, "Baba Zawadi, hilo tutaongea ukija na kodi ya miezi mitatu." Nikamuaga vizuri, nikamsalimia na mama watoto wake.

Nimemwambia Shaibu kwa upole, awe anachangia elfu kumi. Akasema pasi anawasha nusu saa tu kwa siku. Kijana naye, badala ya kukaa kimya, akapiga hesabu: pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa ni nusu uniti. Nikamwambia hizo ni pasi za vitabuni.

Jumamosi kijana akaja na kidude kidogo amekiazima chuoni. Unakichomeka ukutani, unachomeka chombo chako juu yake, kinakuonyesha kinakula kiasi gani. Akasema tusingoje mita janja, tupime vyombo vyote vya nyumba leo leo, kimoja baada ya kingine, kila mtu achange anachokula. Wapangaji wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

"Basi tuanzie chumba cha kwanza," akasema kijana. "Kwa Baba Zawadi. Lile friza."

Nikawaeleza kiungwana kwamba friza haliwezi kuchomolewa. Mle mna barafu za ukwaju, za ubuyu na za maziwa, oda ya shule mbili, na mifuko ya samaki ya mama mmoja wa sokoni ananilipa kwa wiki. Likichomolewa dakika moja, hasara nani ataifidia? Na friza, ieleweke, halili umeme. Linakuwa limefungwa mlango muda wote.

"Ni sekunde tano tu, mzee wangu."

"Anzeni na pasi."

"Pasi ya Shaibu imekufa tangu Jumanne," akasema Mama Zai. "Kapeleka kwa fundi."

Na luku ikalia. Tii-tii-tii. Wote wakageuka, wakaniangalia mimi.

"Hiyo pasi itakuwa imeacha waya wake humo ndani," nikawaambia.