Niulize kazi ya juzi ilichukua muda gani

Miaka michache iliyopita niliulizwa kikaoni: kuunganisha malipo ya simu na mfumo wa duka la mteja kutachukua muda gani? Nikajibu kwa moyo mweupe, "Wiki mbili." Kazi yote nilikuwa naiona kichwani: mnunuzi anabonyeza, ombi linakwenda, jibu linarudi, risiti inatoka. Tulimaliza wiki ya tisa.

Niliyoyaona kichwani yalikula siku nane tu. Zilizobaki ziliishia kwenye kusubiri ruhusa ya kuunganishwa, na kwenye miamala ambayo pesa imekatwa lakini jibu halikurudi. Hiyo ya pili ilituchosha, maana mfumo lazima uhakikishe pesa haijafika kabla ya kuiomba tena, la sivyo mtu anakatwa mara mbili. Na wala haikuwa ngeni kwangu. Mwaka uliotangulia nilihangaika nayo kwenye mfumo mwingine. Jibu nilikuwa nalo, sikulitazama. Hilo linaniuma mpaka leo.

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kuhusu kosa hili la kukadiria muda mfupi kwa kuitazama kazi kichwani, bila kuangalia zilizopita. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake wakachapisha utafiti uliowahusu wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakimalizia tasnifu. Kwa wastani walikadiria siku 34. Zikawa karibu 56. Walipoambiwa wakadirie kana kwamba kila kitu kitaharibika, walisema siku 49. Hata balaa walilolibuni lilikuwa fupi kuliko hali halisi!

Ndiyo maana siuamini ushauri wa kuongeza siku chache za tahadhari. Nazo zinatoka kichwa kilekile.

Mimi sasa naweka daftari. Kila kazi ina tarehe ya kuanza, tarehe mteja alipoanza kuitumia, na kilichotuchelewesha. Nikiulizwa, nalifungua: tatu za aina hii zilichukua wiki sita, tisa na saba. Basi nasema wiki sita hadi tisa, na sioni aibu kutotaja namba moja.

Mabosi wengi hapo huanza kubishania namba kama bei ya samaki feri. Kazi haipungui kwa mabishano. Kinachokatwa kimyakimya ni majaribio, halafu mama anasimama kaunta, pesa imeshatoka kwenye simu, risiti hana. Juzi bosi aliponiomba nishuke, nilimuuliza tuondoe kipi. Tukaondoa ripoti za mwezi, majaribio ya miamala yakabaki.