Safina Ibaki, Mlango Ufungwe

Kwenye ukuta wa bweni la chuo ninakofundisha, hapa Mombasa, imechorwa safina ya Nuhu. Wanafunzi Wakristo walichanga pesa, wakamleta mchoraji kutoka Kisauni, naye akaichora kama jahazi. Omo, yaani sehemu ya mbele, imeinuka, mbao zimelala moja juu ya nyingine, na ukisogea karibu waona hata pamba ya kalafati, ile ya kuzuia maji, ikichungulia kwenye maungio. Mimi ni Mkristo, na sijawahi kuona picha ya Biblia iliyonigusa namna hii. Biblia yetu ya Kiswahili inasema safina iliundwa kwa mti wa mvinje, ikatiwa lami ndani na nje. Mivinje si ndiyo hii tunayopumzika chini yake ufuoni? Kurani nayo, katika sura ya Al-Qamar, yakitaja chombo hicho kuwa ni cha mbao na misumari.

Shida ni uso. Nuhu amesimama mlangoni, ubavuni mwa safina, ndevu nyeupe, anakutazama machoni. Kwa wanafunzi wetu Waislamu huyo ni nabii, ana sura nzima yenye jina lake, ya 71, na manabii hawachorwi. Walikuja kulalamika kwa adabu kubwa. Binti mmoja wa Lamu akaniambia, "Mwalimu, safina twaipenda. Lakini kila nikienda darasani napita hapa nimeinamisha macho." Neno hilo limenikaa.

Sasa wako wanaotaka ukuta wote upakwe chokaa, yaishe. Siungi mkono hata kidogo. Ndani ya Fort Jesus, ngome ya kale ya mji huu, zimehifadhiwa picha ambazo Wareno walichora ukutani karne ya 17, meli na makanisa, na watoto wa shule wa dini zote hupelekwa kuziona. Mji uliotunza hizo utashindwaje na safina?

Wako pia Wakristo wenzangu wanaosema picha isiguswe, wanataja Katiba ya 2010, kifungu cha 32, uhuru wa kuabudu. Kifungu hicho nimekisoma. Kinamlinda kila mtu, na yule binti wa Lamu yumo.

Kwao nina andiko moja tu, Mwanzo 7:16. Nuhu alipokwisha kuingia, Bwana akamfungia. Gharika ilipoanza hakuwa amesimama nje kutazama watu. Alikuwa ndani, na aliyefunga mlango ni Mungu mwenyewe. Pale ukutani mvua inamwagika, maji yamefika kwenye matawi ya miti, na mlango bado uko wazi. Tukiufunga hatupunguzi Biblia, tunaifuata.

Nimeongea na mchoraji. Anasema mlango wa mbao kufunika pale aliposimama mzee ni kazi ya asubuhi moja, na rangi ya kahawia iliyobaki kwenye kopo inatosha.