Itheneti au Seriali: Ruta Itajuaje Kwamba Njia Imekatika?

Tawi moja nililolihudumia Songea lilikuwa na njia mbili za kufika makao makuu Dar es Salaam: mkongo ulioingia kwenye kiolesura (tundu) cha Itheneti cha ruta, kile kifaa kinachochagua njia ya data, na modemu ya 4G ya akiba. Siku greda lilipokata mkongo barabarani, wateja walikaa foleni saa mbili nzima huku modemu imelala. Nilipoingia kwenye ruta, kiolesura kilionekana kizima, taa ya kijani inawaka. Na kweli kilikuwa kizima, kwa sababu waya wa mita mbili kati ya ruta na kisanduku cha mkongo ukutani haukuwa na shida yoyote. Palipokatika ni mbele ya kisanduku, na ruta haikuwa na jicho la kufika huko. Njia ya akiba nilikuwa nimeipanga ishike pale tu ile kuu itakapotoka kwenye jedwali la njia la ruta. Haikutoka.

Kwa hili, seriali, aina ya zamani ya kuunganisha ruta mbili kwa laini ya kukodi, ina haki ya kutetewa. Kwenye laini hiyo, HDLC ya Cisco, itifaki ya kusafirisha data, hutuma salamu kwa ruta ya upande wa pili kila sekunde 10. Zikipotea tatu mfululizo, kiolesura kinashuka chenyewe na akiba inashika.

Lakini E1, laini ya seriali ya kawaida, inaishia megabiti 2.048 kwa sekunde. Ukitaka zaidi, kodi laini nyingine, nunua kadi nyingine, uzifunge pamoja. Na kadi hizo sasa ni za kutafuta kwa tochi. Itheneti, mtoa huduma anakutoa megabiti 10 hadi 50 kwenye tundu lile lile, hugusi kitu.

Lakini Itheneti ina mtego mwingine, na huu unawanasa wengi. Tundu ni la gigabiti moja, wewe umelipia megabiti 20. Ruta haijui mkataba wako. Inamwaga data kwa kasi ya tundu, mtoa huduma anatupa kinachozidi bila kuchagua, na simu za ofisi zinaanza kukatikakatika. Ni lazima ubane mtiririko mwenyewe, kwenye ruta yako. Seriali haina taabu hiyo, maana mwendo wake unafuata saa ya laini.

Pamoja na hayo, mimi nachukua Itheneti, mradi ipewe macho. BFD, itifaki ya ruta mbili kuchunguzana kama zipo hai, ikisalimiana kila milisekunde 300, ruta inajua ndani ya sekunde moja kwamba mwenzake kapotea. Ruta za bei nafuu nyingi hazina BFD. Hapo weka ping (ujumbe mfupi unaosubiri jibu) ya kudumu hadi makao makuu, na njia kuu iondoke ping ikikosa jibu. Sipokei tena laini mpya kabla fundi hajachomoa mkongo upande wa Dar, siyo waya wa pale tawini, nami nikahesabu sekunde mpaka 4G ishike.